The Honeymooners kwenye DVD: uzoefu wangu baada ya kuanza na katuni

Nilinunua kasha la DVD la The Honeymooners, kipindi cha vichekesho cha televisheni ya Marekani, lenye zile sehemu 39 zilizorushwa na kituo cha CBS kati ya Oktoba 1955 na Septemba 1956, kwa sababu moja tu: nilitaka kuwajua watu ambao katuni nilizozipenda tangu utotoni zilikuwa zikiwaiga. Nilikua na Fred Flintstone na Barney Rubble, baadaye nikahamia kwa Homer Simpson, kisha kwa Futurama, na kila nilipotafuta asili ya yule mume mnene mwenye sauti kubwa, ambaye mipango yake ya kutajirika haifiki popote, nilielekezwa kwa Jackie Gleason, aliyemwigiza Ralph Kramden katika kipindi hicho. Nimeutazama ukoo huu kinyumenyume, nikaanza na wajukuu na kumalizia kwa babu, na ninaandika haya baada ya kuzimaliza sehemu zote kwa muda wa mwezi mmoja, nyingine nikizirudia.

Niseme kwanza kuhusu picha, kwa kuwa ndiyo iliyonishangaza mapema. Nilitarajia ukungu na mikwaruzo. Vipindi vingi vya wakati ule vilivyorushwa moja kwa moja vilihifadhiwa kwa kuipiga filamu skrini ya televisheni yenyewe, na ndivyo ilivyokuwa kwa vichekesho vya awali vya wahusika hawa, walioanza mwaka 1951 katika kituo cha DuMont. Sehemu hizi 39, hata hivyo, zilirekodiwa kwa mtambo ulioitwa Electronicam, uliounganisha kamera ya filamu na ya televisheni, mbele ya watazamaji waliojaa katika ukumbi wa Adelphi jijini New York. Matokeo yake ni picha nyeusi na nyeupe iliyo safi kiasi cha kuonyesha jasho usoni mwa Gleason, pamoja na vicheko vya watu halisi ambavyo wakati mwingine vinawalazimu waigizaji kusubiri. The Flintstones ilibandikiwa vicheko studioni, nami utotoni sikuwahi kuona kasoro hiyo. Sasa ninaisikia kila ninapoirudia.

Jambo ambalo katuni hazikunitayarisha kulipokea ni ufukara wa chumba kile. Ralph Kramden ni dereva wa basi mwenye mshahara wa dola 62 kwa wiki, anaishi Brooklyn na mkewe Alice, na karibu hadithi nzima hutokea katika chumba kimoja chenye meza, viti, karo, jiko kuukuu na sanduku la barafu mahali pa friji. Hawana simu wala televisheni. Juu yao anaishi Ed Norton, fundi wa mifereji ya majitaka, anayeigizwa na Art Carney kwa wepesi wa viungo ambao sijauona kwa mchekeshaji mwingine wa enzi hiyo, pamoja na mkewe Trixie. Ralph anapokuja na wazo la kuuza kifaa cha jikoni kwenye tangazo la televisheni, au anapobishania bei ya kitu kidogo cha nyumbani, mtazamaji anaelewa kwa nini anapiga kelele: amebanwa, na anaona aibu kwa kuwa mkewe naye amebanwa pamoja naye.

Studio ya katuni ya Hanna-Barbera walipozindua The Flintstones kwenye kituo cha ABC mwezi Septemba 1960, walichukua karibu kila kitu isipokuwa hilo. Fred amerithi tumbo, hasira na mapenzi ya mchezo wa bolingi. Barney ni jirani mpole kama Norton. Chama cha Raccoon cha Ralph na Norton, ambacho wanachama wake huvaa kofia yenye mkia, kimegeuka chama cha Nyati wa Maji chenye kofia za pembe. Hata sehemu ya kwanza, ambamo wanaume wawili wanawahadaa wake zao ili wakwepe opera na kwenda kucheza bolingi, ingeweza kuchezwa katika chumba cha Brooklyn bila kubadilishwa sana. Lakini Fred ana nyumba yake, ana gari, na jikoni kwake kila mnyama ni mtambo unaorahisisha kazi. Kichekesho kimehama kutoka kwenye kukosa hadi kwenye vitu vyenyewe. Bado ninaipenda The Flintstones, ila sasa naona kwamba Fred analalamika kwa mazoea, ilhali Ralph analalamika kwa sababu.

Uigaji wenyewe ulianza kabla ya Fred. Desemba 1956, miezi michache baada ya sehemu hizi 39 kumalizika, studio ya Warner Bros. ilitoa katuni fupi The Honey-Mousers, iliyoongozwa na Robert McKimson, ambamo panya waitwao Ralph Crumden na Ned Morton wanahangaika kukifikia chakula huku paka akiwazuia. Sauti za panya hao wawili zilitolewa na Daws Butler, yule yule aliyempa dubu wa katuni Yogi Bear sauti inayofanana mno na ya Carney. Ukishamsikia Norton mwenyewe huwezi tena kumsikia dubu yule kwa masikio ya zamani, na hilo pekee lilinitosha kuona kwamba fedha yangu haikupotea.

Liko jambo moja gumu, nami sitalipita kimya. Ralph anapozidiwa kwa hoja humkunjia Alice ngumi na kutishia kumrusha hadi mwezini. Hampigi kamwe, na Audrey Meadows anamwigiza Alice kama mwanamke asiyetetereka: anakunja mikono, anamtazama, anamjibu kwa sentensi moja inayomaliza ubishi. Hata hivyo tishio ni tishio, na nilipolisikia kwa mara ya nne au ya tano sikucheka. Futurama ililishughulikia suala hili vizuri kuliko makala yoyote niliyoyasoma. Katika sehemu yake ya pili, iliyorushwa Aprili 1999, watu wa mwaka 3000 wameweka sanamu ya Ralph katika bustani ya michezo iliyoko mwezini kwa kudhani alikuwa mwanaanga, na Fry, mhusika mkuu wa katuni hiyo, anaeleza kwamba huyo alikuwa mchekeshaji wa televisheni aliyeitumia safari ya mwezini kama fumbo la kumpiga mkewe. Nilikuwa nimeuona mzaha huo miaka mingi kabla bila kuuelewa nusu yake.

Kasoro nyingine ni ndogo. Trixie, anayeigizwa na Joyce Randolph, hapewi nafasi ya kutosha, na Norton huongea haraka kiasi kwamba mimi, ambaye Kiingereza si lugha yangu ya kwanza, nililazimika kurudisha nyuma mara kwa mara. Anayetaka kujaribu kabla ya kununua aitafute sehemu ya shindano la maswali, ya Januari 1956. Ralph anachagua mada ya nyimbo maarufu, anakodi piano na kujifunza mamia ya nyimbo usiku kucha, huku Norton, kila anapokaa kupiga, akianza kwanza na vipande vya wimbo ule ule ili kunyoosha vidole, hadi Ralph anamfokea aache. Siku ya shindano unachezwa wimbo wa swali la kwanza kabisa, nao ni ule ule. Ralph anaulizwa mtunzi wake ni nani. Anababaika, anatetemeka, kisha anajibu: Ed Norton.