TAHADHARI: eksteno za "TB 2" za bei chee hapa Arusha ni feki, zinakula mafaili

Jamani wana Arusha, hasa mnaohamisha vitu kutoka kompyuta ya zamani kwenda laptopu mpya, someni hii kabla hamjatoa hela. Kuna mshikaji anatembeza eksteno (diski za nje za kuhifadhia mafaili, unachomeka kwa USB) maeneo ya stendi ndogo, viboksi vyeupe vimeandikwa TB 2, yaani kama GB 2,000, mi kaniuzia 65,000 na risiti ya kuandika kwa mkono. Bei ilinishtua ila akasema mzigo umepitia Namanga, nikaamini.

Nina steshenari Sakina, kompyuta yangu ya mezani haipokei Windows 11 na Windows 10 Microsoft waliacha kuihudumia Oktoba 2025, ndo nikanunua laptopu. Kwenye ile ya mezani kulikuwa na GB 380, kazi za wateja, picha za familia, na rekodi tisa za sauti ya marehemu baba akitutajia ukoo na mipaka ya shamba kule Machame. Nikachomeka eksteno, ikasoma TB 2 kabisa, nikakopi usiku kucha, asubuhi mafolda yote yapo, majina yapo, ukubwa uleule, nikafungua picha mbili tatu za folda la kwanza zikawa safi. Nikafomati ile ya zamani nikamuuzia kijana mmoja wa Ngaramtoni.

Siku tatu baadae nafungua picha za harusi ya mdogo wangu, juu naona vichwa vya watu, kuanzia shingoni kushuka kijivu tupu. Nyingine hazifunguki kabisa. Rekodi za baba hata moja haichezi. Nampigia muuzaji ananiambia dada unaichomoa vibaya ndo maana, alafu akanibloku.

Fundi akaifungua mbele yangu. Ndani hakuna diski! Kuna kadi ya memori kama ya simu, GB 64, imegandishwa kwa gundi kwenye kibao kidogo, pembeni kipande cha chuma ili iwe nzito mkononi. Kile kibao kimechezewa kiiambie kompyuta kuwa ni TB 2, kwahiyo GB 64 zikijaa inaendelea kupokea tu, vinavyofuata inavitupa au inaviandika juu ya vya mwanzo, ila orodha ya majina inabaki, ndo maana kwa kuangalia mafolda huwezi kujua.

Yule kijana wa Ngaramtoni Mungu ambariki, alinirudishia kompyuta kwa siku mbili. Ile fomati ya haraka niliyofanya ilifuta orodha tu, vitu vyenyewe vilibaki kwenye diski mpaka viandikwe juu, na yeye alikuwa hajaitumia sana, fundi akaendesha PhotoRec, programu ya kurudisha mafaili yaliyofutwa, na picha nyingi zikarudi ila majina hakuna, ni herufi f na tarakimu ndefu, nazipanga moja moja mpaka leo. Ya baba imerudi rekodi moja tu, anataja shangazi zake wawili alafu inakatika.

Kwahiyo ukinunua eksteno au flashi, kabla hujaweka kitu chochote ipime na H2testw, ni programu ya bure, inaijaza yote alafu inasoma tena kuona kama kilichoandikwa kipo, inachukua masaa mengi ila iache imalize. Na kama shida yako ni kuhamisha tu wala huhitaji eksteno, chomoa diski ya zamani utumie waya wa SATA (tundu la diski za ndani) kwenda USB moja kwa moja kwenye laptopu. Diski ya laptopu ya inchi 2.5 inatosheka na umeme wa USB, ya mezani ya inchi 3.5 hakikisha waya una adapta yake ya volti 12. Ikiwa na BitLocker, yaani kufuli la Windows la kufunga diski, tafuta kwanza ile funguo ya tarakimu 48. Na ile ya zamani usiifute hata kama mteja kashakuja na hela mkononi, fungua kwanza mafaili ya katikati na ya mwisho, sio ya mwanzo kama nilivyofanya mimi.

Kama umeshanunua kile kiboksi cheupe njoo nacho Sakina tukipime hapa dukani, sichaji kitu.