Waifai haifiki chumbani? Vuta kebo kwanza: machaguo yote, kuanzia bora hadi la mwisho

Nyumba nyingi za hapa Dar ni tofali za saruji, na fundi wa faiba akija ruta anaiacha palepale waya ulipoingilia, sebuleni nyuma ya TV, basi kaondoka. Chumba cha mwisho simu inaonesha mstari mmoja, video inazunguka tu, halafu mtu anakimbilia kuongeza kifurushi. Usiongeze kwanza. Chukua laptop uichomeke kwenye ruta kwa waya upime spidi. Kama unalipia 20 Mbps na unapata kama 19 au 20, mtandao unafika vizuri, yanayokufa ni mawimbi njiani kwenye kuta, hapo ndo pesa yako iende. Ukipata 4 hata kwa waya, wapigie waliokuunganishia, usinunue chochote.

Hili nalisema kwa uchungu maana nilipokuwa napanga Tabata nilinunua repita, kile kifaa cha kupokea waifai na kuirusha tena mbele, nikaichomeka chumbani kulekule mawimbi yasikofika, simu ikawa inaonesha mistari imejaa yote na spidi hakuna kabisa. Repita inarudia kile kilichoifikia, ikipokea kibovu inatoa kibovu, na ile ya redio moja inapokea na kutuma kwa zamu kwahiyo spidi inakatika karibu nusu.

Namba moja kwangu, na sioni inayoikaribia, ni kebo moja toka kwenye ruta mpaka korido au chumba cha mbali, na mwisho wake unaweka eksesi poyinti, yaani kifaa kinachopokea mtandao kwa waya na kuutoa kama waifai. Waifai inakuwa imezaliwa upya hukohuko, haijapita ukuta hata mmoja. Na kama una ruta ya zamani kabatini hata eksesi poyinti usinunue: ingia kwenye setingi zake, badili IP (anwani yake kwenye mtandao) isigongane na ya ruta kubwa (kubwa ikiwa 192.168.1.1 hii ipe 192.168.1.2), zima DHCP (inayogawa anwani kwa simu na vifaa, kazi hiyo ibaki kwa ruta kubwa), halafu kebo ichomeke kwenye tundu la LAN (la vifaa vya ndani), siyo lile la WAN (la kuingizia intaneti), hapo ndo wengi wanakwama. Jina na paswedi weka zilezile, simu itahama yenyewe ukitembea ndani, ingawa simu nyingine zinang'ang'ania ile ya mbali kidogo kabla ya kuhama. Kwenye waifai ya masafa ya 2.4 GHz chagua chaneli 1, 6 au 11, moja huku nyingine kule, zisiingiliane.

Sasa kebo yenyewe, hapa ndo watu wanaibiwa. Cat5e inatosha kabisa, inabeba 1 Gbps mpaka mita 100, na nyumba yako haina mita 100. Kama ndo unajenga na waya unazikwa ukutani, chukua Cat6, hutaki kubomoa plasta tena. Cat7 na Cat8 achana nazo, ni kulipia namba tu. Cha kuogopa ni kebo za CCA, yaani alumini iliyopakwa shaba juu, zimejaa madukani na boksi limeandikwa Cat6 vizuri kabisa. Ukienda Kariakoo omba kipande, kwangua waya mmoja kwa wembe, ukiona weupe ndani ni alumini, rudisha. Boksi lake pia ni jepesi ukilinganisha na la shaba tupu. Inakatika ovyo ukiikunja, na ukipitisha umeme wa eksesi poyinti humohumo kwenye kebo inapata joto. Usilazimishwe kununua boksi zima la mita 305, tafuta duka linalokata kwa mita, pima nyumbani kwa kamba kwanza na uongeze mita tatu nne za kuzungukia kona.

Fundi akibana vichwa vya RJ45, vile vya plastiki vya mwisho wa kebo, simama hapo uangalie rangi: nyeupe-chungwa, chungwa, nyeupe-kijani, bluu, nyeupe-bluu, kijani, nyeupe-kahawia, kahawia. Pande zote mbili. Wapo wanaokwambia panga unavyotaka mradi zifanane, hapana, zile nyaya zimesokotwa mbilimbili kwa sababu, ukitenganisha jozi kebo inakamata kelele. Ukiona umepata 100 Mbps kwenye vifaa vya giga (1 Gbps), mara nyingi kuna waya mmoja haujashika, maana 100 inatumia nyaya nne tu na giga inazitaka zote nane. Na usikubali ipite paipu moja na nyaya za umeme.

Kama unapeleka kwenye nyumba ya uani nunua ile nyeusi ya nje, ya ndani jua linaipasua. Ila kwa radi za kwetu kipindi cha masika, kati ya nyumba na nyumba mi ningeweka faiba isiyo na waya wa chuma ndani na konveta mbili, za kuigeuza faiba kuwa kebo ya kawaida kila upande, maana hapo hakuna chuma cha kubeba umeme wa radi mpaka kwenye ruta.

Namba mbili ni swichi ya matundu matano, kifaa cha kugawa kebo moja ya mtandao kwa vifaa kadhaa. TV, dekoda ya intaneti, kompyuta ya mezani, vyote havitembei, vipe waya na waifai ibaki ya simu. Ni bei rahisi na wengi tatizo lao linaishia hapa. Angalia tu imeandikwa 10/100/1000 kama kifurushi chako kinazidi 100.

Tatu, meshi kama TP-Link Deco, yaani vifaa kadhaa vya waifai vinavyofanya kazi kama mtandao mmoja. Nzuri sana kwa ghorofa, na ukiziunganisha kwa kebo zinaacha kupoteza spidi kati yao. Bila kebo, kwenye kuta zetu, utalipa hela nyingi kwa kitu kinachohangaika.

Nne, pawalaini, zile zinazopitisha mtandao kwenye nyaya za umeme za ndani. Ukichomeka kwenye ekstensheni spidi inashuka sana, na kama vyumba viko fezi tofauti unaweza usipate kitu. Nunua pale muuzaji anapokubali urudishe.

Repita iwe ya mwisho, ya mpangaji ambaye mwenye nyumba hataki ukuta utobolewe. Ichomeke katikati ya njia, pale simu bado inapata mistari mitatu, na chagua yenye redio mbili na tundu la LAN, siku ukihamia kwako utaichomeka kebo itumike kama eksesi poyinti.