Baiskeli ya mlimani niliyoagiza mtandaoni: ilivyofika, ilivyofungwa na inavyopanda Morningside

Maduka ya hapa Morogoro niliyopita yalikuwa na Phoenix, baiskeli za watoto, na mitumba ya Kijapani yenye kikapu mbele. Zote zina kazi yake, ila mimi nilitaka ya kunipandisha njia za Uluguru. Nikaagiza kwa muuzaji wa mtandaoni aliyepo Dar es Salaam: fremu ya aloi, rimu za inchi 27.5, shokapu mbele, breki za diski za waya, gia 3 mbele na 7 nyuma. Shilingi 680,000, nauli ya basi juu yangu. Nimeiendesha kiangazi, mvua za vuli zimenikuta nayo, sasa naweza kuisema.

Nianze na kilichonikera. Kwenye picha ya tangazo shokapu ilikuwa imefungwa kinyume, kalipa ya breki ya mbele, yaani kile kifaa kinachobana diski, iko kulia. Inatakiwa kuwa mkono wa kushoto wa mwendeshaji, nyuma ya mguu wa shokapu. Ikigeuzwa, gurudumu la mbele linasogea karibu mno na pedali, na ukikata kona tairi linagusa ncha ya kiatu. Nilipomuuliza muuzaji, alisema ni picha tu. Mtu anayeuza chombo cha kubeba roho za watu hapaswi kujibu hivyo, maana mteja asiyejua ataifunga kama alivyoiona pichani.

Jambo la pili ni saizi. Muuzaji alijua inchi za rimu, hakujua za fremu. Ile 27.5 ni gurudumu. Haikuambii kama miguu itafika chini. Mimi nina mita 1.62, fremu ya inchi 16 hivi ndiyo inayonifaa. Sikulipa mpaka alipopima kwa futi bomba la kiti, kuanzia katikati ya ekseli ya krenki (ile mikono inayoshika pedali) hadi juu, akanitumia picha ya kipimo. Msione haya kuomba hivyo. Kurudisha sanduku Dar es Salaam ni nauli nyingine na malumbano mengine.

Sanduku nililipokea stendi ya Msamvu, likiwa limelazwa kwenye buti chini ya mizigo ya watu. Tangazo lilisema baiskeli inafika ikiwa tayari kwa asilimia 85. Ni kweli kwamba kinachobaki ni kufunga usukani, gurudumu la mbele, kiti na pedali. Lakini hiyo 85 iliyofungwa kiwandani ndiyo iliyotuchukua muda. Nilimwita fundi wa mtaani kwetu, na neno lake la kwanza lilikuwa, "Dada, nati ya kiwandani usiiamini." Alifungua habu ya mbele, yaani kitovu cha gurudumu, grisi ilikuwa kidogo sana. Rimu ya nyuma ilikuwa inacheza, spoku nyingine zimekaza, nyingine zimelegea. Alipoinyoosha na kupaka grisi kwenye habu, bomba la kiti na nyuzi za pedali, ndipo tukaanza kufunga.

Kwa atakayefunga mwenyewe, pedali ndizo zinazoharibiwa zaidi. Zina herufi, R ya kulia na L ya kushoto. Ya kulia inakazwa kama nati yoyote. Ya kushoto inakazwa kinyume. Ukiilazimisha unakata nyuzi za krenki, na krenki ya aloi ni laini. Ianze kwa vidole mpaka iingie bila ukaidi, kisha ndiyo ushike spana 15. Ile spana bapa iliyokuja ndani ya sanduku iweke pembeni, inakula kona za nati. Tafuta alenki (funguo za pembe sita) nzuri za 4, 5 na 6.

Shingo ya usukani ina utaratibu wake pia. Kwanza unakaza boliti ya juu polepole mpaka beringi ziache kugonga huku usukani ukigeuka bila kukwama, halafu ndipo unakaza zile boliti za pembeni. Zile nne zinazobana usukani zikazwe kwa mshazari, kidogo kidogo, nafasi za juu na chini zilingane.

Breki za diski zilihitaji subira. Pedi za mbele zilikuwa zinasugua diski na kulia. Fundi alilegeza boliti mbili za kalipa, akaniambia nibane mkono wa breki na kuushikilia, kalipa ikajiweka, akakaza. Mlio ukaisha. Diski isiguswe na vidole vyenye grisi, na mafuta ya mnyororo yasirukie hapo. Pedi zikinywa mafuta breki hazishiki. Tena pedi mpya hazina nguvu siku ya kwanza. Tulikwenda barabara tambarare, nikawa naongeza mwendo na kupunguza kwa breki, bila kuburuza tairi, nikarudia mpaka nikahisi zinauma. Asiteremke mlima mtu yeyote kabla ya hapo.

Gia zilisumbua kwa sababu moja: lile sikio la fremu linaloshika kibadili gia cha nyuma lilipinda safarini. Ukichungulia kwa nyuma, vile vigurudumu viwili vidogo vilikuwa vimeinama kuelekea spoku. Fundi alilinyoosha taratibu. Sikio hilo hutofautiana fremu kwa fremu, kwa hiyo agizeni la akiba pamoja na baiskeli, mimi nimeshaagiza.

Barabarani inanifurahisha kweli. Kwenye njia ya Morningside, huko juu Uluguru, sproketi ndogo ya mbele na kubwa ya nyuma zinanipandisha nikiwa nimekaa, kwenye mawe ambako zamani ningesukuma. Shokapu ni ya kawaida, inapunguza mtikisiko wa mikono, haifanyi zaidi. Kuteremka nabana na kuachia, breki zote mbili, zipate kupoa. Waya zililegea baada ya safari za mwanzo, kama zinavyolegea zote mpya. Kikaza waya kilichopo kwenye mkono wa breki kilitosha.

Nilichokiona kuwa kigumu ni tyubu. Za 26 na 28 zipo kila duka, ila 27.5 hupati kila mahali. Soma namba za milimita za kipenyo cha rimu ubavuni mwa tairi: 26 ya mlimani ni 559, 27.5 ni 584, 29 ni 622, na ile 28 ya Phoenix ni 635, yaani rimu ya 28 ni kubwa kuliko ya 29. Tairi langu limeandikwa 54-584, na namba hiyo ndiyo ninayomtajia muuza duka. Bahati nzuri valvu ni kama ya pikipiki, upepo najaza popote.

Kwa bei hii ningeinunua tena, nikiongeza elfu hamsini za fundi, grisi na spana. Aliye mbali na fundi aliyewahi kushika breki za diski, aagize yenye breki za kawaida za rimu. Ni nyepesi kurekebisha, na pedi zake zinauzwa hata magengeni.