Uzoefu wangu: nimeihama JavaScript kwa sababu ya alama ya kujumlisha

Kuna mama mmoja anauza mchele wa Kyela pale Mwanjelwa, nimemtengenezea programu ndogo ya kuhesabu stoo. Mwanzo niliiandika kwa JavaScript. Stoo ilikuwa na kilo 120, akaingiza 35 zilizofika asubuhi, skrini ikaandika 12035. Akaniita: "Mwanangu, mzigo wote huo umeuona wapi humu ndani?"

Kosa ni langu, lakini lugha nayo ilinisindikiza. Unachoandika kwenye kisanduku huingia kama maandishi hata kikiwa namba, na JavaScript imeipa + kazi mbili: kujumlisha namba na kuunganisha maneno. Ikikuta namba upande huu na maandishi upande ule, haiulizi, inaunganisha. Ajabu ni kwamba ukitoa, inakumbuka hesabu: 120 - "35" ni 85 safi. Lugha ya PHP, ambayo vijana wengi tunaicheka, hapa iliona mbali. Maneno yanaunganishwa kwa nukta, + haiunganishi maneno.

Nikahamia Python. Hiyo ikikuta namba na maandishi pamoja inagoma palepale. Inaudhi, ila mama hapati kilo hewa. Mgawanyo wake pia nimeupenda: / inatoa desimali, // inatoa namba nzima. Kilo 130 // 25 ni mifuko 5, na % inakwambia zimebaki kilo 5.

Sasa lawama. Mjomba ana kipande cha shamba la viazi Uyole, mita 50 kwa 50, akataka nimpigie mita za mraba. Nikaandika 50^2. Jibu: 48. Kumbe ^ kwenye Python, kama kwenye lugha ya C, inalinganisha biti (zile sifuri na moja za kompyuta) za namba mbili, kipeo ni **. Lugha ileile iliyogoma kwenye + hapa ilinijibu kwa macho makavu. Mjomba akasema, "Ndiyo maana viazi havitoshi."

Na watu hawakubishania hiyo. Walibishania :=, alama ya kuweka thamani katikati ya hesabu, hadi mwanzilishi Guido van Rossum akaachia uongozi Julai 2018. Ikaingia hata hivyo, toleo la 3.8, mwaka 2019. Mimi siitumii, na duka halijawahi kuidai. Ningekuwa na kura, ningeipeleka kwenye ^.