Nyembe za kukunja za zamani: kutu inavumilika, ufa hapana

Wembe wa kukunja uliofuliwa Sheffield (Uingereza) au Solingen (Ujerumani) miaka mia iliyopita bado unanyoa vizuri kabisa, na kwa chuma chake tunaupa alama za juu. Shida ni hali unayoukuta nayo. Wauzaji hupiga picha ubavu unaong'aa. Wewe omba picha ya makali.

Kibaya kuliko vyote ni ufa. Nyembe zilizochimbwa sana mbavuni zina bapa (chuma chenye makali) jembamba mno karibu na makali, kwa hiyo kugonga sinki mara moja tu kunatosha. Ufa huanzia kwenye makali na kupanda kuelekea mgongoni, mwembamba kama unywele. Paka mafuta mepesi, futa hadi pakauke, subiri dakika chache: mafuta yaliyoingia ndani yatachuruzika tena na kuchora mstari. Ukiuona, rudisha wembe. Ufa hauondoki kwa kunoa. Kila ukiuvuta wembe juu ya jiwe au ukanda wa ngozi, ufa unazidi kupanda, na kipande kinaweza kukatikia usoni.

Pengo kwenye makali lina nafuu. La nusu milimita huisha kwenye jiwe la kunolea la 1000 (namba ikiwa kubwa, chembe za jiwe ni laini zaidi), kisha unapanda 4000, 8000 na, ukipenda, 12000. Bandika utepe wa umeme mgongoni kwanza, maana mgongo ndio unaopima pembe ya makali. Likizidi milimita moja, utakula chuma kingi mno, anayeanza asinunue. Na mashine ya kusaga usiisogeze karibu: makali yakipata moto hadi kugeuka buluu, yamelainika, hayatashika tena.

Kutu nyekundu ya juujuu hutoka kwa msasa wa 600 hadi 2000 na mafuta. Cha kuogopa ni vishimo vyeusi karibu na makali, kwani ukinoa mpaka ukavifikia, makali yanamomonyoka hapo hapo.

Kagua na mpini. Seluloidi, plastiki ya zamani ya mipini, ikizeeka huoza, ikatoa mvuke wa asidi unaokula bapa. Dalili yake haifichiki: sehemu inayolala ndani ya mpini imechimbika, mkia uliobaki nje ni safi. Mpini huo uvuliwe, usikae na nyembe nyingine, na uwekwe mbali na moto kwa sababu unawaka upesi sana. Mpini wa pembe ya nyati hauna sumu hiyo, ila hupinda. Funga wembe polepole ukiutazama kwa juu. Bapa likiegemea upande mmoja, makali yatagonga mpini na kumeguka siku moja.

Pini iliyolegea ni kazi ndogo: laza kichwa chake juu ya chuma kigumu, gonga cha pili kwa nyundo ndogo, kidogo kidogo, geuza, rudia. Ukitumia nguvu, pembe inapasuka kwenye tundu la pini.