Pampu ya Kubeba kwa Baiskeli za Changarawe: Tatu Nilizozijaribu Nyuma ya Menengai

Hamjambo, watazamaji wangu. Mezani hapa mnaona pampu tatu ambazo nimezibeba kwa zamu katika safari zangu za kutoka Nakuru mjini, kupitia nyuma ya kreta ya Menengai, hadi Solai na kurudi. Ninazichambua kwa ajili ya mwendeshaji wa baiskeli ya changarawe, yenye tairi za upana wa milimita 40 hivi. Majina ya kampuni nimeyafunika kwa utepe makusudi, kwa kuwa kinachotofautisha pampu hizi kinaweza kupimwa kwa rula.

Tuanze na hii fupi inayoenea kwenye kiganja. Sanduku lake linajigamba kwa psi 120, yaani kipimo cha kanieneo ya upepo ndani ya tairi, na nakiri kwamba ni namba hiyo iliyonifanya nitoe pesa mfukoni. Ahadi yenyewe si ya uongo, ila haituhusu, kwani tairi la milimita 40 huendeshwa kwa psi 30 hadi 40 hivi kulingana na uzito wa mwendeshaji, na linachohitaji ni upepo mwingi kuliko upepo mkali. Silinda ya pampu hii ina kipenyo cha milimita 15 na mwendo wa pistoni wa milimita 120, kwa hiyo kila msukumo huingiza mililita 21 tu, ilhali tairi tupu hapa kwetu humeza karibu lita nane za hewa kabla ya kufika psi 35. Nilihesabu misukumo karibu 400, juani, huku wachungaji wawili wakinitazama kwa huruma.

Nimesema hapa kwetu kwa sababu Nakuru iko takriban mita 1,850 juu ya usawa wa bahari, mahali ambapo kanieneo ya hewa ni pungufu kwa karibu moja ya tano ikilinganishwa na Mombasa. Kazi ambayo mwendeshaji wa pwani ataimaliza kwa misukumo 100, wewe itakudai 120 na ushei kwa pampu ileile.

Pampu ya pili ina silinda ya kipenyo cha milimita 20 na mwendo wa milimita 200, na kila msukumo wake huingiza mililita 63. Tairi lilelile lilijaa kwa misukumo 135. Silinda pana ina gharama yake, kwa kuwa kadiri kipenyo kinavyoongezeka ndivyo mkono unavyobeba mzigo mkubwa zaidi: kwenye psi 35 unasukuma uzito wa karibu kilo nane, jambo ambalo mtu mzima analimudu, lakini kwenye psi 80 ungekuwa unasukuma karibu kilo 18. Mwendeshaji wa lami ana haki ya kuikataa. Sisi hatuna.

Uzuri wake mwingine ni mpira mfupi unaounganisha silinda na valvu. Pampu inayokaa moja kwa moja juu ya valvu huiyumbisha kila unaposukuma, na shina jembamba la valvu ya Presta, ile nyembamba ya baiskeli kama zetu, hupinda au kukatika upesi. Hata hivyo, mpira wa kuzungusha una hila yake: siku moja nilipokuwa nikiufungua, kiini cha valvu kilitoka pamoja nao, na upepo wote ukaenda kwa mlio mmoja. Tangu hapo hukaza viini vyote kwa spana yake ndogo kabla ya kutoka nyumbani.

Hii ya tatu ni ya betri. Inajaza tairi kwa dakika chache bila jasho, inasimama yenyewe kwenye kipimo ulichochagua, na ina kelele za kinyozi. Naipenda, lakini siiamini peke yake, kwani niliwahi kuitoa mkobani kilomita nyingi kutoka mjini nikakuta chaji imekwisha. Mitungi midogo ya kaboni dioksaidi sitaijadili kwa kirefu. Wa gramu 16 unatosha tairi moja la ukubwa wetu, ila gesi hiyo hupenya tyubu haraka kuliko hewa, ubaridi wake unaweza kugandisha majimaji ya kuziba ndani ya tairi zisizo na tyubu, na ukishatumika umekwisha.

Miiba ya migunga na mbigiri hutoboa tairi lolote, kwa hiyo pampu isafiri pamoja na tyubu ya akiba hata kama tairi zako hazina tyubu. Tairi likishatoka kwenye kingo za rimu, ni nadra pampu ya mkono kulirudisha mahali pake. Ongeza pia adapta ndogo ya shaba ya kuvalisha Presta, kwa maana mafundi wa njiani na vituo vya mafuta wana vifaa vinavyotoshea valvu ya Schrader, ileile ya bodaboda na magari.

Sasa namna ya kuibeba. Kishikio cha plastiki kinachofungwa kando ya chupa ya maji kinapendeza dukani, lakini matuta madogo yanayofuatana kwenye barabara ya Solai yalikilegeza changu mara mbili, na vumbi letu laini la majivu ya volkano liliingia kwenye silinda likakwaruza mpira wa pistoni hadi ukaanza kuvujisha upepo. Mfuko wa mgongoni wa jezi nao sikushauri, kwa kuwa ukianguka chali, chuma hicho kitakutana na uti wa mgongo. Mimi huivisha pampu ya pili soksi kuukuu, nikaifunga mdomo kwa blada, yaani ukanda uliokatwa kwenye tyubu iliyochakaa, kisha nikailaza ndani ya mkoba wa fremu.

Ukienda kununua, nenda na gurudumu lako likiwa tupu, uombe kulijaza palepale dukani huku ukihesabu misukumo. Mwenye duka akikataa, mwombe rula.