Yamaha Ténéré 700 katika Jangwa la Namib: tathmini ya msafiri aliyekuwa peke yake

Kwa muda wa siku saba niliendesha Yamaha Ténéré 700 ya kukodi kusini mwa Namibia, peke yangu, kwa umbali upatao kilomita 1,700, na zaidi ya theluthi moja ya umbali huo ilikuwa changarawe na mchanga. Nilitoka Windhoek, nikapitia Rehoboth na mteremko wa Spreetshoogte hadi Solitaire, nikashuka Sesriem na Betta, nikaifuata barabara ya D707 hadi karibu na Aus, nikaenda Lüderitz kuiona bahari, kisha nikarudi kwa lami kupitia Keetmanshoop. Ninaitathmini pikipiki kwanza, halafu duka lililonikodisha, ambalo sitalitaja jina kwa sababu baadhi ya niliyokutana nayo hapo yangeweza kumpata mteja yeyote katika duka lolote.

Nieleze mapema kwamba kipimo changu ni kimoja. Msafiri mwenye wenzake akianguka huinuliwa, akiishiwa petroli hugawiwa, akitobokewa tairi hushikiwa pikipiki huku akifungua gurudumu. Mimi sikuwa na mtu. Kwa hiyo kila sehemu ya pikipiki hii niliiuliza swali lile lile: je, mikono miwili inatosha?

Jina lenyewe linaahidi mengi. Ténéré ni sehemu ya Sahara iliyo kwa kiasi kikubwa nchini Niger, na Yamaha walilichukua jina hilo mwaka 1983 walipotoa XT600Z, wakati mashindano ya Paris–Dakar, mbio za magari na pikipiki za kuvuka Sahara, yalikuwa yamekwisha kuwa maarufu. Mashindano hayo yalianzishwa na Mfaransa Thierry Sabine, ambaye mwaka 1977 alipotea jangwani akiwa na pikipiki yake, akaokolewa, na mwishoni mwa mwaka 1978 akawapeleka wengine huko huko. Mshindi wa kwanza upande wa pikipiki, Cyril Neveu, alipanda Yamaha XT500. Ukoo huo unasikika vizuri dukani, ingawa mchanga haumwulizi mtu babu yake ni nani.

Pikipiki niliyopewa ni ya toleo la awali, lile lililoanza kuuzwa mwaka 2019. Ina injini ya silinda mbili yenye ujazo wa sentimita za ujazo 689, nguvu za farasi 73 hivi, tangi la lita 16, gurudumu la mbele la inchi 21 na la nyuma la inchi 18. Uzito wake ikiwa imejazwa petroli na oili ni takriban kilo 205. Kwa kulinganisha, BMW R 1250 GS, ambayo wasafiri wengi wa masafa marefu huipenda, ina kilo 249. Tofauti ya kilo zaidi ya arobaini haionekani mtu akiwa barabarani kwenye lami, lakini nilikuja kuihisi mgongoni.

Nilianguka mara mbili, zote katika D707, na zote kwa kosa langu. Barabara hiyo ina milima ya Tiras upande wa mashariki na matuta mekundu ya mchanga wa Namib upande wa magharibi, na uzuri wake ndio hatari yake, kwa kuwa jicho hutoroka. Mara ya kwanza niliingia katika mchanga laini huku nikitazama choroa waliokuwa wamesimama mbali, na nilipoona usukani unayumba, nilifanya kile ambacho kila mwalimu hukataza: niliachia mafuta ghafla. Uzito wote ukahamia mbele, gurudumu la mbele likazama, na pikipiki ikalala ubavu wa kulia bila hata kelele kubwa.

Ukimya uliofuata injini ilipozimwa ni wa aina ambayo sijawahi kuisikia kwingine. Nilikunywa maji kwanza, kwa makusudi, ili nisikimbilie kuinua nikiwa na hasira. Kisha nikafungua mikoba yote miwili na kuiweka kando, nikaingiza gia ya kwanza ili gurudumu la nyuma lisibiringike, na kwa kuwa pikipiki ilikuwa imelalia kulia, nikaitoa stendi ya pembeni iliyo kushoto kabla ya kuinua, la sivyo ningeisimamisha na kuiangusha upande wa pili. Nikaugeuzia kiti mgongo, nikachuchumaa, nikashika usukani kwa mkono mmoja na fremu ya nyuma kwa mwingine, nikatembea kinyumenyume kwa hatua ndogo ndogo. Ilisimama kwa jaribio la pili. Mimi ni mtu wa kimo cha kawaida, wala si mnyanyua vyuma. Hapo ndipo pikipiki hii iliponishawishi kuliko mahali pengine popote, na sidhani kwamba ningeweza kuandika hivyo kuhusu pikipiki yenye kilo 249 na mikoba ya chuma.

Hata hivyo kiti chake kina urefu wa milimita 875 kutoka ardhini, na jambo hilo lisipuuzwe na mtu mfupi. Nikisimama kwenye lami ninafikisha nusu ya nyayo zote mbili. Nikisimama kwenye mchanga usio sawa, mguu mmoja huenda ukakuta shimo, na pikipiki ikishapita pembe fulani haizuiliki tena. Anguko langu la pili lilitokea hivyo, nikiwa nimesimama kabisa, nikijaribu kupiga picha.

Kuhusu mwendo nitakuwa mfupi. Injini ina nguvu kutoka chini kabisa, haishtuki, na humruhusu mtu kupita mchanga kwa gia ya tatu akiwa amesimama kwenye vikanyagio, uzito nyuma kidogo na macho mbali. Springi zinameza mawimbi madogo madogo ya barabara za changarawe, yale yanayotikisa meno, ikiwa mtu atapata mwendo unaofaa. Kwangu ulikuwa kati ya kilomita 70 na 80 kwa saa. Toleo hili halina udhibiti wa kielektroniki wa kuteleza kwa gurudumu wala msururu wa mifumo ya kuchagua, na kwa safari ya peke yako ninauhesabu upungufu huo kuwa faida, maana kisichokuwepo hakiharibiki. Breki za ABS, yaani mfumo unaozuia magurudumu yasigande mtu anapofunga breki, zinaweza kuzimwa kwa kitufe, na kwenye mteremko wa changarawe ni lazima zizimwe; ila kila unapozima injini kwa ufunguo na kuiwasha upya, ABS hurudi yenyewe. Nilijiandikia ukumbusho kwenye kipande cha utepe na kukibandika juu ya tangi.

Petroli inahitaji hesabu zaidi. Kwa mwendo wangu lita moja ilinipeleka kilomita 22 hivi kwenye changarawe ngumu, na pungufu ya hapo kwenye mchanga, maana yake tangi la lita 16 ni kama kilomita 320 za kutegemewa. Kutoka Sesriem hadi Aus kwa njia ya D707 ni kilomita 350 hivi. Katikati kuna kituo cha Betta, nami nilijaza hapo, lakini mpango unaotegemea pampu moja katikati ya jangwa hauwezi kuitwa mpango. Nilibeba dumu la lita tano, nikalifunga nyuma ya kiti, na sikulifungua hadi Aus. Ningeshauri kila mtu abebe lake na akasirike kwa kulibeba bure. Maji nilibeba lita saba, na kifaa cha mawasiliano kinachotumia setilaiti za Iridium nilikiweka mfukoni mwa koti, kamwe si kwenye pikipiki, kwa sababu mtu anaweza kutupwa upande mmoja na pikipiki upande mwingine.

Sasa tairi. Pikipiki hii ina rimu za spoku na tairi zenye tyubu ndani, na kuna wanaolalamikia jambo hilo wakitaka tairi zisizo na tyubu, ambazo huzibwa kwa dakika tano bila kuondoa gurudumu. Siku ya nne, kilomita chache baada ya anguko la kwanza, nilihisi mkia wa pikipiki unaelea. Mwiba wa mgunga, mrefu kama kidole cha mwisho, ulikuwa umeingia katikati ya tairi la nyuma.

Ténéré 700 haiji na stendi ya katikati. Hiyo ni nyongeza ya kununua, na duka langu halikuifunga. Bila stendi hiyo na bila msaidizi, gurudumu la nyuma litainuliwaje? Nililisumbukia swali hilo kwa muda chini ya jua, kisha nikakumbuka kwamba si lazima kuinua kitu ambacho chini yake kuna mchanga. Niliisogeza pikipiki taratibu hadi ikasimama juu ya mawe mawili bapa niliyoyapanga chini ya bamba la kukinga injini, nikaifunga breki ya mbele kwa mkanda, halafu nikachimba kwa mikono chini ya gurudumu la nyuma hadi likaning'inia. Nati ya ekseli ikafunguka, mnyororo ukatoka kwenye meno, gurudumu likalala juu ya koti langu.

Kulibandua tairi kwenye rimu kulinichukua muda mrefu kuliko kazi nyingine zote kwa pamoja. Nililipigia magoti, nikamwagia maji yenye sabuni, nikaingiza liva moja, ya pili, ya tatu. Tyubu ilipotoka nilivua glavu na kupitisha vidole polepole ndani ya tairi lote, na nikafanya vyema, kwa sababu ncha ya mwiba ilikuwa imevunjikia ndani na isingeonekana kwa macho. Niliweka tyubu mpya badala ya kuziba ile ya zamani, kwa kuwa gundi ya kiraka haiaminiki kwenye mpira uliochemka kwa joto. Kisha pampu ya mkono. Niliacha kuhesabu baada ya mara mia mbili. Kazi nzima ilichukua saa moja na dakika arobaini, na katika muda huo gari moja tu lilipita. Dereva, mzee mwenye kofia pana, alisimama, akaniuliza kama nina maji ya kutosha, akasubiri nijibu, kisha akaendelea na safari yake.

Baada ya hapo siwezi kuungana na wanaozidharau tyubu. Ni kazi ngumu, lakini ni kazi inayowezekana kwa mikono na vifaa vinavyoingia katika mkoba mmoja, na rimu ya spoku iliyopinda kwa jiwe bado inashika tyubu, ilhali tairi lisilo na tyubu huvuja palepale rimu inapopinda. Ninaloweza kulalamikia ni stendi.

Vifaa hivyo vinanileta kwenye duka. Pikipiki ilikuwa safi, mnyororo ulikuwa na mafuta, tairi zilikuwa karibu mpya, na kijana aliyenikabidhi alinieleza kwa uvumilivu sheria za barabara za huko: tunaendesha kushoto, na mkataba unakataza kuendesha usiku kwa sababu ya wanyama. Alinitahadharisha pia kwamba pikipiki haziruhusiwi kuingia ndani ya lango la Sesriem kuelekea Sossusvlei, hivyo nilipange mapema gari la kunifikisha huko. Taarifa hiyo pekee iliniokolea nusu siku.

Kisanduku cha vifaa, hata hivyo, kilinifedhehesha kwa niaba yao. Nina desturi ya kujaribu kila spana kwenye nati yake kabla ya kutoka uani, na wahudumu walinitazama kana kwamba ninawatilia shaka. Spana ya nati ya ekseli ya nyuma haikuingia. Ilikuwa ya pikipiki nyingine. Liva za tairi zilikuwa mbili, fupi, na moja imepinda. Tyubu ya akiba ilikuwa ya mbele tu. Waliomba radhi na kunipa tyubu ya nyuma, lakini spana hawakuwa nayo, nikaenda kuinunua mjini pamoja na liva ya tatu. Kama ningewaamini, pale D707 ningekuwa na mwiba mkononi, mawe chini ya injini, na nati isiyofunguka. Duka linalomkodisha mtu pikipiki kwa ajili ya jangwa na kumpa kisanduku ambacho hakuna aliyekifungua limefanya nusu ya kazi, na nusu iliyobaki ndiyo inayohusu uhai wa mteja.

Sehemu ya mwisho kabla ya kurudi, kutoka Aus hadi Lüderitz, ni lami tupu ya kilomita 125 hivi, lakini upepo wa alasiri ulisukuma mchanga kukatiza barabara kama moshi unaotambaa, na kioo kidogo cha mbele hakikunikinga kitu isipokuwa kifua. Pikipiki nyepesi husukumwa zaidi na upepo. Hiyo ndiyo gharama ya kilo nilizozisifu huko juu, na niliilipa nikiwa nimeinama kushoto muda wote huku pikipiki ikienda moja kwa moja.

Ningeikodi tena? Pikipiki, ndiyo, tena toleo hili hili lisilo na mambo mengi, ila ningeomba stendi ya katikati ifungwe na mtu mfupi ningemshauri achukue kiti cha chini kabla ya kufikiria kitu kingine chochote. Duka, nitarudi kwa sharti moja. Nilipoirudisha pikipiki walikagua mikwaruzo miwili ya ubavu, wakakata kiasi kidogo kwenye amana, na hakuna aliyefungua kisanduku cha vifaa. Nilikifungua mimi, nikaiweka ndani spana niliyoinunua, na ile isiyofaa nikaiacha juu ya meza ya mapokezi.